Monita ya VGA: herufi zina kivuli, anga lina ngazi. Ninunue waya wa elfu sitini?

MchoraKadi:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza kadi za harusi, na juzi nimejipatia monita ya mtumba pale Kariakoo, inchi 24, 1920 kwa 1080. Nimeichomeka kwa ule waya wa VGA wa kichwa cha bluu. Herufi nyembamba kama l na i zina kivuli ubavuni, ukisoma nusu saa macho yanauma. Halafu kuna picha ya machweo ya Coco Beach naiweka nyuma ya kadi: anga halififii taratibu, linashuka kwa mistari kama ngazi. Muuzaji anasema nichukue waya wa HDMI wenye ncha za dhahabu, elfu sitini, eti rangi "zitaamka". Nitoe?

FundiKioo:
Shika hela yako kwanza, mkuu. Kivuli ni kesi ya waya, ngazi ni kesi nyingine kabisa. VGA ni ya mwaka 1987, enzi za monita za chogo. Inageuza namba za kompyuta kuwa umeme wa kupanda na kushuka, kisha monita yako inakisia upya kila nukta inaanzia wapi. Ikikosea kidogo, nukta inamwagikia jirani. Fungua ukurasa uliojaa maandishi, bonyeza kitufe cha Auto cha monita, ijipange upya. HDMI inapeleka namba zenyewe, hakuna kukisia. Na waya wake ukiwa mbovu haupaushi rangi: utaona vinukta vinametameta, au kioo kinazima na kuwaka.

Mama Wawili:
Dhahabu kamnunulie mkeo hereni. Mimi natumia waya wa HDMI uliokuja na king'amuzi, mwaka wa tatu huu.

MchoraKadi:
Nimeazima wa king'amuzi. Herufi zimenyooka, raha! Ila nyeusi imekuwa kijivu kama jivu la mkaa, na ngazi ziko palepale.

PikseliMoja:
Kijivu ni kwa sababu kompyuta imedhani hiyo ni TV, inatuma rangi za 16 hadi 235 badala ya 0 (nyeusi kabisa) hadi 255 (nyeupe kabisa). Ingia mipangilio ya kadi ya grafiki, chagua Full.

Ngazi sasa. Paneli, yaani kioo chenyewe cha monita, nyingi za bei nafuu ni za biti 6: vivuli 64, yaani hatua 64 toka giza hadi mwanga, kwa kila moja ya nyekundu, kijani na bluu, jumla rangi 262,144. Zinazokosekana zinaigizwa kwa kupepesa vivuli viwili jirani harakaharaka. Paneli ya biti 8 ina vivuli 256, rangi milioni 16.7. Waya hauongezi kivuli ambacho paneli haina. Chora mteremko wa nyeusi hadi nyeupe ujaze kioo kizima, chukua rula. Kioo chako kina upana wa sentimita 53 hivi: hatua za milimita 8 ni biti 6 tupu, za milimita 2 ni biti 8, au biti 6 inayoigiza vizuri. Na hiyo picha, uliipata wapi?

MchoraKadi:
Full imekubali, nyeusi ni nyeusi. Hatua ni nyembamba, kama milimita 2. Picha nilitumiwa WhatsApp na mpiga picha… nimemwomba faili la kamera, ngazi karibu zote zimepotea. Kumbe nilikuwa naonea kioo.

FundiKioo:
WhatsApp inabana picha mpaka vivuli vya anga vinaungana. Siku nyingine mwambie akutumie kama dokyumenti. Na hiyo rula, ilikuwa ya plastiki au ya chuma?