Programu ya simu imemnywesha mama yangu sukari akiwa na 14.2. Nani anawajibika?

Wakuu, nina hasira.

Mwezi uliopita nilimnunulia mama mashine ya kupima sukari kwenye duka la dawa Mwanjelwa. Muuzaji akaniwekea na programu ya simu inayoendana nayo: unaingiza namba, inakwambia ufanye nini. Mama anaishi Tukuyu na mdogo wangu wa kidato cha nne, mimi niko Mbeya mjini. Nikaona nimepata msaada.

Jumamosi usiku mama kapima, 14.2. Dogo akaingiza. Simu ikawa nyekundu yote: sukari iko chini mno, atumie gramu 15 za sukari sasa hivi, apime tena baada ya dakika 15. Mama akauliza, "Mbona sitetemeki wala sitoki jasho? Mimi nina kiu tu, na kukojoa kila saa." Lakini simu imeshasema. Akakorogewa maji ya sukari, vijiko vitatu. Kupima: 16.8. Nyekundu ileile, anywe tena. Kupima: 19.5. Nyekundu, anywe tena! Ndipo dogo akanipigia analia.

Nikakodi gari usiku uleule, ukungu wa Isyonje hata barabara huioni. Tunamfikisha hospitali imeshagonga 23. Dripu, insulini, siku tatu wodini.

Mashine ile inasoma kwa mmol/L, kipimo kinachotumika hospitali zetu. Programu imetegeshwa kwa mg/dL, kipimo cha Marekani. Mmol/L 1 ni sawa na mg/dL 18, kwa hiyo 14.2 ya mama, ambayo ni sukari iliyopanda, kwao ni kama 256. Wao wameisoma 14! Mtu mwenye 14 ya kipimo hicho hakai kwenye kiti akajibishana na mwanawe, huyo hajitambui kabisa. Halafu mg/dL huandikwa namba nzima, haina nukta. Nukta ile peke yake ilitosha kuishtua programu ikauliza, "Mashine yako inatumia kipimo gani?" Haikuuliza. Ila wakati wa kujisajili ilidai namba zote za watu zilizomo kwenye simu na mahali mama alipo.

Nimewaandikia wenyewe. Jibu lao: masharti yanasema programu si mbadala wa daktari. Masharti yenyewe ya Kiingereza kitupu. Kama si daktari, inamwamuruje mgonjwa anywe sukari mara tatu?

Mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani, leo hii angalia kioo cha mashine, pembeni ya namba pameandikwa kipimo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu ulinganishe. Vikipishana, usiifuate hata kidogo.

Kesho narudi Mwanjelwa na boksi lao mkononi. Aliyewahi kupeleka lalamiko la kifaa tiba TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) hapa kanda yetu anieleze alianzia wapi na alitakiwa kubeba nini.