Naombeni ushauri: kikundi chetu cha kutunza kijito kimebaki na watu 9, na mfadhili anataka kupanda miche 2,000 kwa siku moja

Mkaa Kandokando

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Nimo kwenye kikundi cha kujitolea kinachotunza kijito na kipande cha msitu ulio kandokando yake. Hakuna ofisi, hakuna mshahara. Tulianza watu 31, tukiokota taka, kung'oa magugu vamizi na kupanda miti ya asili kwenye kingo zilizokuwa zinamomonyoka. Siku hizi zamu ya Jumamosi tunafika tisa, tukizidi sana kumi na wawili. Na kati yetu kuna mama mmoja ambaye ndiye mwenye funguo za stoo, ndiye anayeandika mahudhurio, ndiye anayepigia watu simu, na ndiye anayemwagilia kitalu siku zote saba. Wiki iliyopita nilimkuta ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nimechoka. Lakini nikiacha, kitalu kinakauka." Nilikosa la kumjibu.

Sasa kampuni moja (sitaitaja) inataka kuleta wafanyakazi wake 200 wapande miche 2,000 kwa siku moja. Miche, fulana na wapiga picha juu yao. Viongozi wetu wamegawanyika. Mimi hofu yangu ni hii: mwaka juzi tulipata ugeni wa namna hiyo, mdogo kuliko huu. Miezi minne baadaye nikapita kwenye safu za miche iliyokauka, nikafukua mmoja nijue kulikoni. Ulikuwa bado ndani ya kiriba. Nikafukua wa pili, kiriba. Katika miche 20 niliyofukua, 13 ilikuwa imezikwa na nailoni yake, mizizi imejizungusha mle ndani ikitafuta pa kutokea. Wale watu walikuja kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyewaelekeza, na sisi wenyeji tulikuwa tunakimbizana na ratiba ya picha.

Je, tukubali au tukatae? Na mtu kama mimi, ambaye si kiongozi na mfuko hauna kitu, nawezaje kusaidia kikundi kisife na huyu mama asianguke?

Sururu

Kubalini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vikundi vingi vinakufa kwa kutojulikana, na watu 200 wakiona kijito chenu kwa macho yao, hata watano wakirudi Jumamosi inayofuata mmeongeza nguvu kwa zaidi ya nusu. Kilichoharibika mwaka juzi ni maandalizi.

MamaKitalu

Pole sana mkuu, na huyo mama mfikishie salamu zangu. Nimelea miche miaka mingi, na habari ya viriba si ngeni kwangu. Inauma kila inapotokea.

Kabla hamjajibu, kaeni mpige hesabu ya maji. Tuseme mvua imekatika na kila mche unahitaji lita tano, mara mbili kwa wiki. Miche 2,000 ni lita 20,000 kwa wiki, sawa na ndoo 1,000 za lita 20. Mko tisa, kila mmoja wenu ana ndoo 111 kila wiki, kuzichota na kuzipandisha kingo. Na hapo hamjapalilia, hamjaweka matandazo, hamjazuia mifugo. Kwa hiyo swali ni miche mingapi mnaweza kuilea mpaka mizizi ishike, ijitafutie maji yenyewe. Idadi hiyo ndiyo mumpe mfadhili.

Wangari Maathai na wenzake walipoanza kupanda mwaka 1977, tarehe 5 Juni, walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Miwili tu ndiyo iliyosalia. Nawaza sana juu ya ile mitano, kwa sababu harakati yenyewe haikufa nayo. Baadaye harakati hiyo, Green Belt Movement, ikawa inavilipa vikundi vya akina mama kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi. Angalia hapo: malipo yalikuwa kwa ulioishi. Mtu akijua hesabu itafanyika baadaye, analinda alichopanda. Kufikia mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, harakati hiyo ilikuwa imeshapanda miti zaidi ya milioni 30.

Mwambieni mfadhili hivi: leta watu wachache, panda kidogo, na ahadi iandikwe kwamba mtarudi kiangazi pamoja nasi kuhesabu iliyo hai. Mwenye nia atakubali. Akikataa, basi alikuwa anatafuta picha, na picha haziwagharimu ninyi chochote mkizikosa.

Bundi Mzee

Mimi nauliza swali la nyuma zaidi. Kwa nini mpande?

Sisemi kwa ubishi. Mmesema mna kipande cha msitu kilicho hai. Basi mna hazina ya mbegu tayari, chini ya udongo na juu ya matawi. Huko Sydney, Australia, kuanzia miaka ya 1960 dada wawili, Joan na Eileen Bradley, waliurudisha msitu uliovamiwa na magugu kwa mikono na kwa subira. Njia yao ilikuwa na mambo matatu: anza pale penye uoto mzuri ukielekea palipoharibika, usiuchokonoe udongo kuliko inavyolazimu, na uoto wa asili wenyewe ukupangie mwendo, yaani usisafishe eneo jipya kabla la nyuma halijajifunika. Wengi wetu tunafanya kinyume kabisa. Tunaanza na kichaka kibaya kuliko vyote kwa sababu ndicho kinachotutia aibu, tunakifyeka siku moja, udongo unabaki uchi, na mvua ya kwanza inaleta magugu yale yale yakiwa maradufu.

Na kupanda pasipofaa ni hasara tupu. Ufilipino miradi mingi ya mikoko ilishindwa kwa sababu miche ilipandwa kwenye matope ya chini mno, ambako maji ya bahari hukaa muda mrefu na mikoko haioti yenyewe. Palichaguliwa kwa kuwa palikuwa wazi na hapana mwenyewe. Miche ikafa kwa maelfu. Tembeeni kwanza kwenye kingo zenu mwangalie ni mti gani unaota wenyewe, na unaota wapi. Huo ndio utakaowaambia.

Mkaa Kandokando

Asanteni sana. Bundi Mzee, umenigusa. Kweli kuna upande mmoja ambao tuling'oa magugu tukaishiwa nguvu kabla ya kupanda, na sasa pana miche midogo ya asili imejiotea yenyewe, mingine imefika gotini. Hakuna aliyeihesabu kwenye ripoti yoyote.

MamaKitalu, hesabu ya ndoo nimeisoma mara tatu. Nitaipeleka kikaoni kama ilivyo.

Ila bado sijajua la kufanya juu ya mama yetu. Nikimwambia apumzike naogopa atahisi tunamtoa.

Fundi Daftari

Kaka, usimwambie apumzike. Mwombe akufundishe.

Nenda naye wiki nzima na daftari, uandike kila anachofanya, hata vile ambavyo yeye mwenyewe haviiti kazi: kumkumbusha fulani siku ya zamu, kunoa mapanga, kujua ni bomba lipi linavuja, kumsikiliza jirani anayelalamikia moshi. Utajaza kurasa. Kisha chagueni vitu vinne au vitano na kila kimoja kipate mtu mwenye jina na siku. "Tutasaidiana" haina siku, ndiyo maana humrudia yule yule. Funguo za stoo ziwe jozi mbili. Namba za simu zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Hela, hata zikiwa kidogo, zitoke kwa saini mbili na zisomwe mbele ya wote. Kikundi kinaweza kuvumilia ukame, ila kikianza kunong'onezana juu ya hela hakifiki mbali, nimeshuhudia.

Umesema mfuko hauna kitu. Vikundi hivi vina upungufu wa saa kuliko fedha. Mtu anayejitolea saa mbili Jumanne na hakosi Jumanne anasaidia kuliko anayeahidi kila kitu.

Na kama huyo mfadhili anauliza atoe nini, mwambieni alipie mratibu, hata wa siku mbili kwa wiki. Australia, harakati ya Landcare ilianza jimboni Victoria mwaka 1986 ikiwaunganisha wakulima na wahifadhi, na sehemu kubwa ya nguvu yake imekuwa ni waratibu wanaolipwa kuviunganisha vikundi, kuviandikia maombi na kuvifuatilia. Wafadhili hawapendi kulipia kazi hiyo kwa sababu haipigiki picha. Lakini mama yenu ndiye mratibu huyo tayari, bure, miaka yote hii.

Zamu ya Jumapili

Naongeza kimoja. Watu hurudi wakiona mabadiliko. Sisi tulichomeka kigingi mahali pamoja, na kila mwezi tunapiga picha tukiwa tumesimama hapo hapo. Pia kuna njia iitwayo miniSASS, ilianzia Afrika Kusini, ya kupima afya ya mto kwa kuangalia viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe na kwenye majani ya maji. Wapo wasiovumilia uchafu kabisa, na wapo wanaoustahimili, kwa hiyo ukijua ni nani yupo unajua maji yakoje. Unahitaji kichujio cha wavu, beseni jeupe na macho. Watoto wanaipenda mno, na mtoto akija, mzazi yuko nyuma yake.

Mkaa Kandokando

Wakuu, narudi na mrejesho.

Kikao kilikaa juzi. Niliisoma hesabu ya ndoo 1,000, pakawa kimya. Tukatembea kingo zote kabla ya kukubaliana chochote. Upande wa miche iliyojiotea tumeuwekea vigingi, haupandwi kitu, unalindwa tu na kung'olewa magugu kwa mikono. Kwenye kingo zilizo wazi kabisa tumeona tunaweza kulea miche 400. Kampuni imejibu. Wamekubali 400, wamekubali kuja watu 40, na wamekubali kurudi kuhesabu. Kulipia mratibu bado hawajakubali, wanasema watalijadili. Tumewaandikia tena.

Mama nilimfuata kama Fundi Daftari alivyonielekeza. Alishangaa kidogo, kisha akaanza kunionyesha, na sikujua kwamba huwa anaugusa udongo wa kila safu kwa kidole kabla hajaamua kumwagilia. Jumanne na Alhamisi sasa ni zangu, funguo ninazo. Alhamisi ya kwanza alikuja hata hivyo. Akasimama pembeni akinitazama, baadaye akasema, "Unamwaga juu ya majani. Mwaga shinani, polepole, mpaka udongo uache kulia." Nikainama nikasikiliza. Kweli udongo mkavu unalia unapopokea maji. Alhamisi ya pili hakuja. Alinipigia simu saa moja usiku kuuliza kama nimefunga bomba, nikamwambia nimefunga.

MamaKitalu

Umenitoa machozi, mwanangu. Kapandeni mvua ikishakolea, msipande kwa kufuata tarehe ya mgeni.

Sururu

Hongereni. Nami nawapa kitu kimoja kwa ajili ya siku hiyo, maana ile habari ya viriba 13 haijanitoka. Wekeni gunia moja katikati ya eneo. Kila anayepanda mche alete kiriba chake mkononi, akitie mle. Kabla wageni hawajapanda magari, mwageni gunia mhesabu. Miche 400, viriba 400. Vikipungua hata kimoja, watu wote warudi kwenye safu.