Sindano ya stima kifundoni kwa ajili ya kibofu: kuna aliyefanyiwa?

Mama Mitumba, Kisumu
Hamjambo wapendwa. Nina miaka 52, nauza nguo Kibuye. Huu ni mwaka wa pili kibofu kinanitesa. Mkojo ukinibana haungoji: blauzi ya mteja naiacha nusu imekunjwa, nakimbia. Usiku naamka mara nne. Mwezi uliopita nikienda Nakuru kwa binti yangu, matatu ilipita Kericho bila kusimama, nikajilowesha kabla ya Mau Summit. Nilijifunga leso juu ya sketi, nikanyamaza hadi steji. Niliumia moyo sana.

Mkojo na sukari nimepimwa, viko sawa. Chai nimepunguza. Dawa ya kibofu, oksibutinini, ilinikausha mdomo hata ugali ukawa haupiti, na choo kikawa kigumu. Sasa mtu wa fizio (tiba ya viungo) ananiambia kuna sindano ya kifundoni inayopitishwa stima. Jamani, kibofu na mguu wapi na wapi? Na inauma?

Shosho wa Lanet
Pole mwanangu, hayo ya matatu yamenikuta pia. Mimi nilifanyiwa. Unakaa, mguu unainuliwa. Sindano ni nyembamba sana, inaingia upande wa ndani, kama vidole vitatu juu ya kifundo. Stima inapandishwa polepole mpaka kidole gumba cha mguu kijikunje chenyewe. Hapo wanajua wameupata mshipa wa fahamu, yaani neva. Haiumi, inatekenya hadi unyayoni. Dakika 30, mara moja kwa wiki, wiki 12. Wiki ya tano sikuwa nimeona kitu, nikasema napoteza nauli. Ya nane nikaamka usiku mara moja tu! Usiache katikati. Siku hizi narudi kila mwezi.

Klinisheni, Kakamega
Mama, neva hiyo ya mguu inatoka sehemu ileile ya uti wa mgongo zinakotoka neva za kibofu. Ikichochewa huku chini, kibofu nacho kinatulia. Waambie mapema kama una kifaa cha moyo au una mimba. Ukiogopa sindano, uliza kuhusu pedi za stima za kubandika kwenye ngozi. Kile kifaa cha stima cha kupandikizwa juu ya makalio ni upasuaji, huwa kwa walioshindwa na hizi nyingine.

Mama Mitumba, Kisumu
Shosho, ubarikiwe. Leo ndiyo mara ya kwanza nayasema haya kwa mtu. Nitaomba niwekwe Jumatatu, maana Jumapili Kibuye inajaa na siwezi kufunga. Hicho kidole gumba nitakikodolea macho.