Mnasoma nini wiki hii? Nipo kwenye Vuta n'kuvute, naomba ushauri

Msomaji wa Bara:
Wakuu, habari za jioni. Tutajiane vitabu tulivyonavyo mkononi. Mimi nimeanza Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar, na zinazosubiri ni Kuli, Kasri ya Mwinyi Fuad na Haini, zote zake. Nizisome kwa mpangilio upi? Halafu kamusi: naifungua kila mstari hadi utamu unakatika, na maneno mengine siyaoni kabisa.

Gati la Zamani:
Usifuate mwaka wa kuchapishwa, fuata wakati wa hadithi. Kasri ilitoka 1978, Kuli 1979, Vuta n'kuvute 1999, Haini 2003. Ila kwa matukio Kuli ndiyo ya mwanzo, maana inabeba mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa 1948. Inafuata hii uliyonayo, harakati za chinichini dhidi ya Mwingereza. Kasri inafika Mapinduzi ya 1964, na Haini inatokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume, Aprili 1972. Kwa vile umeshaanza, imalize kwanza ndipo urudi Kuli; ukiiacha katikati majina yatakuvuruga. Haini iweke siku zenye nafasi. Ni jela na mateso, haisomeki vizuri kwa kuibia dakika kumi kumi kwenye daladala.

Mama Kamusi:
Neno lisipoonekana, mara nyingi limetafutwa pasipo pake. Kitenzi kivue viambishi vya mbele kwanza, kisha mnyambuliko wa nyuma. Chukua "wakasimangana": ondoa wa- na -ka-, inabaki simangana; ondoa -an-, umepata simanga, na hapo ndipo kamusi ilipoliweka. Nomino itafute kwa umoja: nyuso ipo kwenye uso, kuta kwenye ukuta, meno kwenye jino.

Kuhusu kuifungua kila mstari: soma sura nzima bila kamusi, penseli mkononi, na kila neno gumu litie nukta pembeni mwa ukurasa. Sura ikiisha rudi kwenye nukta. Nyingi zitakuwa zimejieleza zenyewe kwa muktadha. Zilizobaki, tano hadi nane, ndizo za kutafuta. Kata kadi ngumu iwe alama ya ukurasa: mbele andika majina ya wahusika na nani ni nani kwa nani, nyuma maneno.

Kuna jambo linalowapoteza watu wa bara kuliko maneno mageni, nalo ni maneno wanayodhani wanayajua. Mtu akichupa, karuka. Chupa ya maji haihusiki. Chombo kikiwa baharini ni jahazi au mashua, si sufuria. Skuli ni shule. Na Ng'ambo yenye herufi kubwa si Ulaya, hata kama kamusi itakupa maana hiyo. Ni mitaa iliyo upande wa pili wa Mji Mkongwe, makazi ya wanyonge enzi za ukoloni. Riwaya ya Unguja ikisema mtu kaenda Ng'ambo, kapita Darajani kwa miguu, hakupanda meli.

Kurasa Tatu:
Mimi nasoma Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, 2022. Mtoa uzi, iongeze kwenye foleni yako. Inaanza kabla ya Kuli kwa miaka mingi: kijana Yusuf anachukuliwa kwa deni la baba yake, na misafara inaingia bara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Msomaji wa Bara:
Asanteni sana, kadi nakata leo. Swali dogo: Kuli ninayo kwenye simu, picha za kurasa zilizogeuzwa maandishi. Itafaa?

Mama Kamusi:
Hapana, ndugu yangu, tafuta kitabu chenyewe. Programu za kugeuza picha kuwa maandishi mara nyingi hudondosha ritifaa, ile alama ya (') kwenye ng'. "Ng'oa" ikawa "ngoa", na ngoa ni neno kamili, maana yake wivu au tamaa. Kamusi itakupa jibu safi la neno ambalo mwandishi hakuliandika, nawe hutajua. Ukilazimika kuisoma hiyo, kila sentensi isiyoleta maana angalia kwanza penye "ng", jaribu kurudisha ritifaa, ndipo ufungue kamusi.