Tupeane uzoefu: wanafunzi na taka za baharini, semeni yale yasiyopigwa picha

Mwalimu wa Kusi
Asalaam alaykum wenzangu. Mie ni mwalimu wa sekondari huku kusini Unguja, nasimamia klabu ya mazingira mwaka wa nne huu. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka na picha. Kila ikifika tarehe 8 Juni siku ya bahari duniani, na ile Jumamosi ya tatu ya Septemba ya kusafisha fukwe, simu inajaa watoto wamevaa glavu wameshika mapolo (magunia) ya taka wanacheka, ukimuuliza aliyepiga baada ya hapo ikawaje anakwambia tukanywa soda tukaondoka. Sasa naomba tupeane ile sehemu nyengine. Nani kakutukaneni, nini kilikwama, nani kabadilika kweli, mapolo yaliishia wapi.

Naanza na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilipanga zoezi saa kumi jioni, hesabu yangu jua limepungua watoto hawataungua, barua kwa sheha nishapeleka, skuli mbili za jirani nishaalika, watoto kama mia na ishirini hivi. Mie mtu wa mjini bwana, kalenda naijua ya ukutani tu. Kumbe siku yenyewe ni mwezi mwandamo. Tunafika pwani bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, limejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje, mchanga huuoni, watoto mia na ishirini wamepanga mstari juu ya ukingo na mapolo yao utasema wanangoja boti. Kuna mzee alikuwa anashona wavu pale chini ya mvinje, akanitizama, akasema "mwalimu, hata paka wa hapa anajua saa kumi ya bamvua maji yako wapi". Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, na mie nikacheka, n'fanyeje.

Ila yule mzee hakutuacha. Akawakalisha watoto akawasomesha mwezi na maji kama saa nzima, bamvua linapwa saa nne asubuhi hivi, maji mafu, yale madogo, yanakwendaje, kwa nini taka nyingi zinabaki kwenye ule mstari wa juu wa majani makavu. Tarehe ya mara ya pili akapanga yeye. Tukenda saa tatu asubuhi, maji yametoka mbali huko, na mzee kaja na wenzake watano. Haya, endeleeni.

Bint wa Mwani
Waalaykum salaam ticha. Mie Pemba, kaskazini, nilikuwa fomu tatu wakati huo. Mamangu analima mwani tangu sijazaliwa, kilimo chenyewe Zanzibar kimeanza 1989 huko kwenu Paje na Jambiani na wanaokifanya wengi ni wanawake, kwa hiyo kwetu mwani ndio daftari, ndio sare, ndio kila kitu.

Klabu yetu tulikuwa kumi na saba. Tulikubaliana tusiokote tu, tuchambue na tuhesabu, kila aina fungu lake. Chupa fungu hili, kandambili fungu hili, pampasi (astaghfirullah pampasi), vipande vya nyavu. Tulijua chupa zitaongoza. Hazikuongoza! Fungu kubwa lilikuwa taitai. Kwa wasiojua, taitai ni zile kamba nyembamba za plastiki za kufungia mbegu ya mwani kwenye kamba kubwa, mwani ukikaa baharini wiki kama sita unavunwa, taitai inakatwa inatupwa hapo hapo majini. Kidogo kidogo, nyekundu, buluu, nyeupe, kila bamvua, miaka yote hiyo.

Sasa ujinga wetu uko hapa. Tukatunga igizo, tukaita wanakijiji, tukamwaga lile fungu katikati ya uwanja, na mwenzetu mmoja akasema kwa sauti kubwa kabisa "taka hizi ni za mama zetu". Lo. Kimya. Baadae wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakaondoka, mamangu wa mwanzo. Siku mbili hakunisemesha, ya tatu ndio akasema "nakusomesha kwa mwani, na wewe unanifedhehesha kwa mwani". Nililia.

Mwalimu wetu wa kike ndiye alotuokoa, akasema bamvua lijalo hakuna kuokota, kila mtu anakwenda shamba na mamake. Tukenda. Mikono imelowa imekunjamana, maji kiunoni, kamba zinavutana, mwani mzito, na ukichelewa maji yanajaa hujamaliza, sasa huyo mtu hiyo taitai aiweke wapi, mdomoni? Hana mfuko. Ndio tukarudi tukashona vimkoba vya chandarua kikuukuu, unafunga kiunoni, maji yanatoka taitai inabaki. Na tukaanza kufungua fundo badala ya kukata, kwani ukifungua unaitumia tena hununui mpya. Hapo ndipo kina mama walipofurahi kweli, mambo ya kasa na samaki walikuwa wanatusikiliza kwa adabu tu lakini pesa ya taitai ndio iliingia.

Si wote walofuata. Wengine walisema kufungua fundo kunachelewesha, na kweli kunachelewesha.

Kandambili Moja
Ticha mie yangu fupi. Tulialikwa usafi wa pwani mjini, fulana mpya, bango, wageni rasmi, hotuba nne. Kila mtoto akapewa chupa ndogo ya maji ya kunywa. Mambo yalipokwisha chupa zikabaki mchangani, mie na dada wa darasa langu tukarudi kuziokota, zilikuwa nyingi kuliko tulizozikuta asubuhi.

Mwalimu wa Kusi
Kandambili usinichekeshe niko kwenye daladala 😂

Mtu wa Ng'ambo
Na sie tunaokaa mbali na pwani mtusikilize. Watu wa mitaa ya ndani huwaambii kitu kuhusu bahari, anakwambia bahari iko wapi mie nakaa huku. Anatupa mfuko wa taka mtaroni mvua ikinyesha, mvua ikakatika mtaro mweupe, ameona umesafishwa. Anashukuru kabisa.

Wanafunzi wa mtaani kwetu, sekondari na wengine wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walikuwa likizo, wakabuni kitu sijawahi kuona. Walikusanya vifuu vya nazi kwa wauza tui na majumbani wakavipaka rangi nyekundu, kila kifuu wakaandika namba ya mtaa. Masika yalipopiga mvua moja ya nguvu wakagawana, wengine wakavitia mitaroni nyuma ya nyumba, wengine wakakimbilia pwani kule mtaro unapotokea, wamejifunika maturubali. Wakangoja. Mie nilidhani wamechizika. Haikupita muda vifuu vikaanza kutoka kimoja kimoja, vyekundu, katikati ya machupa na maganda ya machungwa na vitambaa, wanapiga video wanapiga kelele "cha kwetu hicho, kumi na mbili!" kama mpira. Na kifuu ni kifuu, hakijaongeza plastiki baharini, hapo niliwavulia kofia.

Ile video ilipozungushwa kwenye magrupu ya mtaa ndio watu wakaamini. Jirani yangu mmoja akawa anatafuta namba yake. Darajani yenyewe hapo mjini Unguja zamani palikuwa na maji ya bahari yanaingia, daraja ndilo lililopapa jina, tumefukia tukasahau, maji hayakusahau njia.

Kwamba mtaro sasa hautupwi taka? Unatupwa. Ila mchana watu wanaona haya, wanatupa usiku 🙃

Babu Dema
Nawasoma tu. Watoto hawa wazuri ila kuna kitu mnakipindisha. Kila wakija pwani wanasema wavuvi wanachafua. Mimi kijiji changu mashariki, ikianza kusi, upepo wa kutoka kusini, huo upepo na mkondo unaleta taka kutoka bahari kuu, chupa zina maandishi hata hayasomeki, si Kiswahili si Kiarabu, nyengine zimeota vijikombe vya baharini ina maana zimesafiri miezi. Hizo nimetupa mimi?

Bint wa Mwani
Shikamoo babu. Kweli hata sisi tulizipata, tukazifanyia fungu lake. Lakini tulipohesabu zilikuwa chache babu, nyingi zilikuwa za dukani kwetu.

Babu Dema
Marhaba mwanangu. Kwenu Pemba kaskazini labda. Huku kwetu njooni Julai muhesabu.

Lakini na mie nisiwe mbishi tu. Kuna vijana wa skuli walikuja kuniuliza kuhusu nyavu, hawakuja kunisomesha, walikuja kuuliza, hapo nikakaa nao. Nikawaambia zamani uzi wa pamba ukikatikia mwambani unaoza, kazi imekwisha. Wavu wa nailoni haufi. Umeupoteza wewe, wenyewe unaendelea kuvua, samaki ananasa anakufa anaoza anakuja mwengine kumla ananasa na yeye. Nikawachukua wanne kwa mtumbwi maji yamepwa tukauona mmoja umejivika kwenye matumbawe, ndani yake mifupa na kaa wawili hai. Mmoja wa wale vijana hakusema neno mpaka tunarudi. Tuliukata tukautoa nusu, nusu umeingia ndani ya jiwe. Tangu hapo wavu wangu ukikatika narudi kuutafuta, sisemi kila mara, lakini narudi.

Polo Tupu
Mwalimu umeuliza mapolo yaliishia wapi, asante, maana hakuna anaeulizaga. Sisi tulijaza mapolo arubaini na tatu, tukayapanga vizuri kando ya barabara, ofisi moja ilituahidi gari siku ile ile. Gari halikuja. Kesho halikuja. Wiki tatu! Kunguru wakayatoboa, mbuzi wakamalizia, upepo ukabeba, na kusema kweli nusu ilirudi baharini na macho yangu yanaona. Wadogo zetu wa msingi walokuja kuokota wakawa wanapita hapo kila siku kwenda skuli wanayaona. Mwaka uliofuata nikawaita wakaniambia "tukaokote tena zile zile?"

Tangu siku ile sifanyi zoezi lolote kabla gari halijaegeshwa pale na dereva nimemuona kwa macho. Tunachanga wenyewe, tukikosa tunakodi gari la ng'ombe mpaka penye kontena.

Mwana wa Chuo
Hii ya gari kweli kabisa. Nitie yangu ya Pemba kidogo. Chuoni kwetu ustadhi hakutumia picha wala projekta, alitupeleka kisiwa cha Misali. Wapemba mnajua habari zake, wazee wanasimulia Nabii Khidhri aliswali pale, kisiwa ndio msala wenyewe. Akatuuliza, nyie msala wa kuswalia mnatupia maganda juu yake? Basi. Kuna mkubwa mmoja hapo alikuwa keshatoa mfuko wa karanga kautupa, nilimuona anaurudia polepole anautia mfukoni. Na ile kuondoa kitu cha kumuudhi mtu njiani kuwa ni katika imani tunaisoma tangu wadogo, sijui kwa nini kichwani mwetu ilikuwa barabara tu.

Shoga wa Fuoni
Tunajisifu Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, bara wamekuja 2019, sawa, na vifuko vya barafu na ubuyu je? Skuli yetu wanafunzi wa klabu wenyewe ndio walokuwa wanavitupa getini, wakitoka kuimba wimbo wa mazingira wananunua barafu 😅. Walipojitambua wakaenda kwa mama muuzaji, si kumkataza, wakamwambia ubuyu tutakukunjia karatasi za madaftari ya zamani. Akakubali kwa ubuyu. Barafu kakataa, anasema nitaifunga na nini? Na hakuna alokuwa na jibu, mpaka leo.

Kidau
Nani anakumbuka 2019 lile jahazi la Flipflopi? Lilijengwa Lamu kwa plastiki chakavu, kama tani kumi, juu limevikwa vipande vya kandambili vya rangi rangi kama elfu thalathini, likasafiri karibu kilomita mia tano mpaka hapa Unguja. Nilikuwa skuli ya msingi. Tulipelekwa kuliona na mie nilichofikiria ni kimoja tu, yakhe mbona sisi vidau vya kandambili tunachonga kila siku tukashindana pwani, hatuitwi wabunifu tunaambiwa acheni kucheza na taka 😂. Mwalimu wetu alilishika hilo. Akaanzisha mashindano ya vidau, sharti kandambili uliyoiokota pwani, ukija na ya nyumbani umetolewa. Watoto waliomba wenyewe kwenda pwani, wakawa wanagombania kandambili za mguu wa kushoto. Sijui kwa nini za kushoto ndio nyingi. Mwenye jibu aseme.

Babu Dema
Hiyo ya kushoto hata mie naijua na sina jibu.

Mwalimu wa Kusi
Nimesoma zote wallahi. Babu Dema Julai tunakuja, maji utapanga wewe. Polo Tupu nimekuandikia pembeni nataka kujua gari la ng'ombe mnalipaje, kwa safari au kwa siku.

Bint wa Mwani, hapa kwetu kina mama wa mwani wapo tele na taitai kweli nimeziona miaka yote hii nikazihesabu kama majani. Hicho kimkoba mlishonaje?

Bint wa Mwani
Ticha, chandarua kikuukuu chochote ila kisiwe kilichooza. Urefu shubiri mbili, upana shubiri moja na nusu, mdomo uache mpana, mkono wote uingie ukiwa umelowa, sisi vya kwanza tulishona mdomo mdogo kina mama wakavirudisha. Mkanda tumia kipande cha kanga, kamba inakata kiuno. Na funga kwa mbele, ukifunga ubavuni kinanasa kwenye vigingi. Mama anasema pia mwambie ticha asiende nacho kama zawadi, aende nacho kimoja, avae mwenyewe, aingie majini.

Mwalimu wa Kusi
Niingie majini mie? Haya. Bamvua lini?

Bint wa Mwani
Muulize paka 😂