Vasaloppet: nisimame wapi pale Mora nimwone mdogo wangu akimaliza?

Msafiri_K
Wakuu, habari. Machi hii mdogo wangu anashiriki Vasaloppet kule Uswidi, zile kilomita 90 za skii kutoka Sälen hadi Mora. Mimi sijui kuteleza, naenda kumshangilia tu. Wanaanza saa 2 asubuhi, naye anakadiria kutumia saa 9. Nifike Mora saa ngapi, na nisimame wapi?

Bi_Nta
Kaka, mdogo wako atafika kama saa 11 jioni, lakini wewe uwe Mora saa 5 asubuhi. Mwaka 2021 Tord Asle Gjerdalen wa Norwei alimaliza kwa saa 3 na dakika 28. Ukichelewa, hutaona mshindi akivishwa shada.

Usisimame langoni kabisa, utaishia kuona migongo. Rudi nyuma kidogo, uegemee uzio, waje wakikukabili. Wale wa mbele karibu njia nzima husukuma kwa fimbo zote mbili kwa pamoja, maana skii zao zina nta ya kutelezea tu, ya kushika theluji hawapaki. Ndiyo maana mikono na mgongo ndivyo vinavyowaishia. Fimbo zikichoma theluji kwa mpigo mmoja, utazisikia.

Mshindi akishapita, watu wengi huondoka. Nakusihi, baki! Medali hupewa anayemaliza ndani ya muda wa mshindi ukiongezwa nusu yake. Wanawake hupimwa kwa mwanamke wa kwanza. Mshindi akitumia saa 4, mpaka ni saa 6. Mpaka ukikaribia, utaona mtu aliyekuwa anajikokota akitupia saa jicho, halafu anasukuma kama ndiyo kwanza ametoka Sälen. Nilimwona mzee mmoja, ndevu zimeganda barafu, akiuwahi kwa sekunde chache. Alijilaza palepale, mkewe akainama kumfungua skii kwa sababu vidole vyake vilikuwa havikunjiki tena. Mama yule alikuwa analia, na mimi nikalia.

Na wanawake wakipita, wapigie kelele maradufu. Margit Nordin alimaliza mbio hizi mwaka 1923, kisha wanawake wakafungiwa mlango hadi 1981.

Msafiri_K
Asante sana dada. Na baridi? Nitasimama kutwa nzima.

Fimbo_Mbili
Mkuu, chukua kipande cha boksi nene ukanyage juu yake. Baridi inapandia miguuni, hata uvae makoti matatu. Halafu mfuatilie kwa namba yake kwenye simu. Kuna vituo 7 njiani. Cha mwisho ni Eldris, zikiwa zimebaki kilomita 9. Mpaka apite hapo unaweza kwenda kujipasha joto ndani.

Bi_Nta
Naongezea: akichelewa kidogo tu, giza litamkuta njiani, na watakuwa wanakuja kwa makundi, wote wameinamisha vichwa. Usingoje akutambue, muite kwa jina la nyumbani, tena kwa nguvu. Uwe na koti kavu mkononi. Akisimama tu, jasho linaanza kumgandia mwilini. Akipewa namba ya kifuani niambie. Mwaka huu nami nitakuwa pale uzioni, tutamwita wote.