Mjadala: Tuzalishe aina zetu za michungwa Nyanda za Juu Kusini, au tuagize za nje?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni hii: je, ni busara fedha za umma zitumike kwa miaka mingi kuzalisha aina mpya za michungwa zinazovumilia magonjwa, ilhali nchi nyingine zimekwisha kuwa na aina nzuri ambazo tungeweza kuziagiza? Mchangiaji aliyetangulia amesema tuagize, kwa kuwa parachichi la Hass halikuzalishwa Njombe wala Rungwe, na bado limewajengea watu nyumba na kuwasomeshea watoto. Hoja hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe nina miti ya Hass. Kwa michungwa, hata hivyo, naipinga.

Kuagiza kungetufaa kama machungwa ya nje yangekuwa ya damu tofauti na ya kwetu. Chungwa tamu ni chotara wa kale wa balungi na chenza, na aina zake zote, iwe Valencia au Washington Navel, zimetoka katika ukoo huo mmoja kwa mabadiliko madogo yaliyojitokeza na kuendelezwa kwa kubebesha, yaani kupandikiza kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine. Zinapishana kwa utamu, kwa wingi wa mbegu na kwa msimu wa kuiva, lakini mbele ya ugonjwa wa ukijani wa michungwa zote ni dhaifu. Florida, kule Marekani, ilivuna takriban makasha milioni 242 ya machungwa katika msimu wa 2003/04. Ugonjwa huo ukathibitishwa huko mwaka 2005, na kufikia msimu wa 2023/24 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya makasha milioni 20. Wenzetu hao hawakukosa dawa wala wataalamu. Walichokosa ni mchungwa wenye kinga.

Kwa wasioujua ugonjwa huu, naeleza nilichokiona kwa baba mdogo, karibu na Tukuyu. Majani yalikuwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati. Jani lenye upungufu wa zinki huwa na njano inayolingana kushoto na kulia, na kwa alama hiyo unaweza kuanza kushuku. Tunda lilikuwa dogo, limepinda upande mmoja, la kijani sehemu ya chini wakati juu limeanza kuiva. Tulipolipasua, mhimili wake wa kati ulikuwa umekunjika na mbegu zimesinyaa, nyeusi. Maji yake yalikuwa machungu. Baba mdogo alikuwa amemwaga mbolea misimu miwili akidhani ni njaa ya udongo.

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, na una sura mbili. Bakteria wa Kiafrika na mdudu mfyonza utomvu anayemweneza hupenda baridi, na joto likizidi nyuzi 30 hivi bakteria huyo hudhoofika. Wa Kiasia huvumilia joto, na mdudu wake aliripotiwa Morogoro mwaka 2016. Sasa tazameni nchi yetu: ukitoka Tukuyu, kwenye mita kama 1,500, ukateremka hadi Kyela, kwenye mita 500 hivi kando ya Ziwa Nyasa, umepita katika mazingira yanayowafaa wote wawili kwa safari isiyomaliza nusu siku. Aina iliyofanya vizuri katika joto la Florida haijawahi kuulizwa swali la Tukuyu. Swali hilo litajibiwa na miche iliyopandwa hapa, sehemu zote mbili, ikaachwa ishambuliwe na kuangaliwa mwaka baada ya mwaka.

Nakubali kwamba kazi yenyewe ni ngumu. Fukia mbegu moja ya chungwa kwenye kopo, na mara nyingi itachomoza miche miwili au mitatu, ambayo karibu yote ni nakala ya mama yake, kwa sababu viinitete vyake, yaani vimea vichanga vilivyo ndani ya mbegu, havikutokana na chavua. Mtafiti anayetaka chotara hana budi kutumia mama kama balungi, ambaye mbegu yake hubeba kiinitete kimoja kilichotokana na uchavushaji, la sivyo apime vinasaba vya miche mingi ili aipate michache anayoihitaji. Kisha husubiri miaka mitano hadi kumi kabla ya kuonja tunda la kwanza, na majaribio ya shambani bado hayajaanza. Lakini mtu wa Mufindi anayepanda paini leo naye hatarajii kuivuna kesho, na hakuna anayemwita mpumbavu.

Tena, si lazima tuanze na tunda. Tuanze na shina la kubebeshea. Vitalu vyetu vingi hutumia limau, ambalo huvumilia virusi vya tristeza lakini huoza mizizi kwa urahisi kwenye udongo unaotuama maji. Brazili iliwahi kutegemea shina la danzi (chungwa chungu), lililosifiwa kwa kustahimili kuoza huko, na tristeza ilipoingia, mamilioni ya michungwa yakafa. Mmea wa ukoo wa mchungwa wenye majani matatumatatu, uitwao Poncirus, hustahimili vyote viwili, na chotara zake na chungwa tayari hutumika sehemu nyingi duniani. Hizo tuziagize, zipite karantini, halafu tuzijaribu na kuzichavusha upya kwa udongo wetu. Kwa waliouliza, kuchavusha kwa mkono si uhandisi jeni; agizo la Serikali la mwaka 2021 la kusitisha majaribio ya uhandisi jeni halihusiani na kazi hii.

Wapo pia wanaosema miche safi inatosha. Miche safi ni ya lazima, maana kikonyo kilichokatwa kwenye mti mgonjwa hubeba ugonjwa hadi kitaluni. Niliwahi kununua miche kumi kwenye kitalu kimoja, na minne ikazaa malimau, kwa kuwa vikonyo vilikuwa vimekufa na shina likachipua lenyewe. Aliyeniuzia ama hakuangalia, ama alijua. Ukaguzi uongezwe. Hata hivyo, mche safi ukipandwa palipo na mdudu na miti migonjwa utaambukizwa, kwa sababu usafi wa kitaluni hauupi kinga ya shambani.

Ombi langu kwa wenzangu wa Rungwe, Kyela, Ileje na Mbarali ni dogo. Kama kijijini kwenu kuna mchungwa au mchenza mkongwe unaozaa vizuri ilhali jirani zake wamekauka, msiukate. Mwonyesheni afisa ugani, muutaje hapa kwa jina la kata tu, pamoja na umri wake na mmea uliobebeshewa kama mnaujua. Mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, atakayetaka kuanza kazi hii ataanzia kwenye miti ya namna hiyo.